Gambuti za Kabla ya Ushuru

Serikali ilipopandisha ushuru wa gambuti za nje, vile viatu virefu vya mpira vya kukanyagia tope, wachuuzi wengine walinung'unika. Mwenzao Jackton Otiende alinyoa ndevu, aonekane mtu wa kuaminika. Ushuru ulikuwa wa gambuti nzima, si wa vipande, kwa hiyo matajiri wa mjini walileta soli kivyake na shingo kivyake, wakaziunganisha kwa gundi. Zilimeremeta sana. Zilitaka tu zisiguse maji, jambo gumu kidogo kwa gambuti.

Jackton akabeba gunia la hizo za gundi hadi kituo cha kupimia majani chai, juu ya Kericho, asubuhi yenye jua. Alitaka kuuza zote na kuteremka Fort Ternan kabla ya mvua ya mchana. Miguuni alivaa gambuti zake za zamani, zilizoingia nchini zikiwa nzima. Akaomba beseni la maji, akasimama ndani.

"Hii ni stoki ya kitambo, kabla ya ushuru," alisema. "Oneni, hata tone haingii. Hizi za siku hizi ni gundi tupu. Msidanganywe na watu."

Mwizi akikemea wizi huwa na sauti tamu ajabu.

Mbele alisimama Chepngetich, mchumaji ambaye gambuti zake zilikuwa zimetoboka, na vidole vimeanza kuoza kwa umande.

"Za gunia na hizo umevaa ni moja?"

"Ni mapacha, mama."

"Basi niuzie hizo umevaa. Nimeziona kwa maji. Wewe vaa mpya."

"Lakini hizi zimezeeka."

"Kama ni moja, unaogopa nini? Ukiniuzia, hawa wote watanunua."

Jackton akatazama anga, halafu zile noti mikononi mwa watu. Tamaa ikamshinda. Akavua, akavaa za gunia, akauza zote.

"Sasa kunywa chai," Chepngetich akasema. "Mgeni wetu haendi hivyo."

Chai ilikuwa moto, ya maziwa, na kikombe kilikuwa kikubwa. Jackton alipofika kwenye mteremko, mvua ikamwagika. Hatua chache tu, soli zote mbili zikabaki kwenye tope, shingo zikampanda magotini. Wanunuzi walikuwa wakimtazama kutoka kituoni. Walimfikia upesi, maana walikuja peku, gambuti mpya mikononi, na kila mmoja akarudishiwa pesa yake.

Jackton alimgeukia Chepngetich kwa unyonge. "Mama, chukua pesa yako pia. Nirudishie zangu."

Chepngetich alikuwa amesimama katikati ya dimbwi, miguu mikavu, akitabasamu.

"Hizi ni za kabla ya ushuru, kijana. Za siku hizi ni gundi tupu."