Nyasi za Bibi na Alama ya Tano

Jumatatu, 3 Machi
Mchanga umefika kizingiti cha jiko la Bibi. Leo ameufagia mara tatu. Anasema ukiingia ndani tutahamia kwa mjomba. Yaani chumba kimoja na binamu yangu Redio, asiyenyamaza hata akila. Hapana!
Bahati nzuri, afisa wa mazingira ameleta mpango wa kuzuia jangwa. Miche na mawe ya kukinga udongo vinatosha mashamba mawili tu mwaka huu. Fomu iko kwa lugha ya shuleni, kwa hiyo nimepewa mimi niitafsirie kamati ya kijiji. Mimi, ambaye nikiitwa ubaoni natokwa jasho hadi vidole vya miguu! Nimesoma: hali ya ardhi, alama moja hadi tano. Tano ni ardhi iliyokufa. Basi aliye hoi zaidi ndiye wa kwanza. Rahisi.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo. Shamba la Bibi lina nyasi. Chache, lakini zipo, zinatuaibisha. Redio naye anatangaza kila kona kwamba shamba lao ndilo hoi. Lina vichaka kabisa!
Nimefungua lango letu. Mbuzi wa mjomba walikuwa wanarandaranda njiani. Hawakungoja kubembelezwa.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi safi. Shamba limenyolewa kipara. Bibi ameuliza nani aliacha lango wazi. Nikasema labda upepo. Akasema ajabu, siku hizi upepo unajua kufungua komeo.

Ijumaa, 7 Machi
Afisa amekagua. Tano! Nusura nipige makofi. Kisha akageuza fomu. Kumbe ina nyuma! Inasema tuanze na ardhi ambayo bado inaokoleka, alama ya tatu. Ya tano isubiri.
Kina Redio wamepata tatu. Redio akaniuliza mbele ya kamati nzima, eti binamu msomi, shuleni kwenu mnasoma upande mmoja tu? Wakacheka. Nikatazama viatu vyangu mpaka kikao kikaisha.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi hakufoka. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Amesema nafasi ya pili inaamuliwa Jumatatu, mizizi ya nyasi zetu bado iko hai, niende nikamweleze afisa habari za mbuzi. Maneno mawili tu, mjukuu wangu.
Nimekwenda. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akangoja. Nikamuuliza ni saa ngapi. Akaniambia. Nikarudi.

Jumapili, 9 Machi
Maneno mawili ni mengi mno. Nimepata njia fupi. Kina Redio walipotoka, nimeng'oa nyasi zao magunia manne, nikazipanda kwa Bibi kwa mistari. Zimesimama wima kama wanafunzi wa gwaride! Zivumilie tu mpaka afisa apite asubuhi. Safari hii fomu nimeisoma pande zote mbili. Sina wasiwasi hata chembe.
Nimechoka sana. Lango nililiacha wazi kwa sababu ya magunia. Nitalifunga kesho.