Ombi la Kusimamisha Gharama za Beberu Aliyekwisha Kuliwa

Mwololo Muema,
Mabati na Matenki ya Maji,
Kitengela.

Mheshimiwa Hakimu uliyeniambia niketi,

Niliketi kama ulivyoamuru. Sasa naomba kusimama tena, safari hii kwa maandishi.

Mimi ndiye yule mdai wa beberu. Najua mafaili huko Kajiado ni mengi, kwa hivyo nakukumbusha. Ezra, kijana wa mzee Katoo wa Bisil, alipomtaka binti yangu Kamene, ukoo wao ulileta mbuzi watatu wa ntheo. Kwetu Wakamba, bila mbuzi hao binti hajaolewa, hata akifungishwa ndoa na maaskofu sita. Walileta majike wawili na beberu mmoja. Beberu akachinjwa, tukala, tukaimba, tukapiga picha. Jioni nikaona ngozi imeanikwa uani, na sikio la kushoto liko na pengo. Nikalijua lile pengo. Ni la beberu wangu Chifu, aliyetoweka kwangu miezi miwili kabla ya sherehe. Nikaelewa kwamba Ezra alimnunua sokoni Bisil, na kwamba nimelishwa mali yangu mwenyewe, tena kwa shangwe.

Nikashtaki. Ukasema mtu hawezi kula ushahidi, akalamba vidole, halafu akadai arudishiwe. Kesi ikatupwa, nikaamriwa nimlipe Katoo gharama za kesi, shilingi 38,400. Juzi dalali wa mahakama, kijana kwa jina Hillary, alikuja kuorodhesha sofa zangu, na ameahidi kurudi na lori.

Lakini nimeshafungua kesi ya pili dhidi ya huyo huyo Katoo, na haijasikizwa. Ndiyo naomba ile amri ya kusimamisha, ambayo mawakili huita stei, ili gharama za kesi ya kwanza zingoje ya pili iamuliwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Kesi hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Katika ya pili sidai nyama, nadai hesabu. Kama beberu alikuwa wangu, Katoo alileta mbuzi wawili tu, wa tatu nikajilipia. Kwa hivyo Kamene ameolewa theluthi mbili. Sioni sheria inayomruhusu mtu kunitumia dalali huku bado anakaa na theluthi moja ya binti yangu bila kuilipia.

2. Chifu hakuwa mbuzi wa supu. Alikuwa mfanyakazi. Majirani walimletea majike wawili kila wiki, shilingi mia nne kwa kila mmoja, na hakuwahi kuomba likizo. Tangu siku ya ntheo ni wiki hamsini na mbili. Piga hesabu: 41,600. Ukitoa gharama za Katoo, yeye ndiye ananidai sifuri na mimi namdai 3,200. Hapo sijagusa mbolea.

3. Hillary aliorodhesha sofa akiwa amezikalia. Alijaribu hadi ile ya kona, akasema, "Mzee, hii ni laini, haitalala kwa mnada." Alipewa chai na mandazi, na aliongezwa. Nilipomuuliza mke wangu Mbithe kwa nini analisha adui, alinijibu mbele ya kijana kwamba Hillary yuko kazini tu, na kwamba adui wa nyumba hii anajulikana, ndiye anavaa kofia na hatoi viatu mlangoni. Mheshimiwa, utekelezaji wa hukumu yako umeanza kuvunja heshima kabla ya kuvunja mlango.

4. Sofa zikienda, Katoo atakalia nini? Bado ni mkwe wangu, kwa theluthi mbili. Ni mtu mzito, mwenye kilo zake, na siku akija hapa nitampa ndoo aipindue akae. Ndoo itapasuka. Ataumia. Atashtaki. Hiyo itakuwa kesi ya tatu, na chanzo chake kitakuwa mahakama. Mimi hapa naokoa muda wa umma.

5. Hili naliandika polepole. Kamene ana mtoto, Soipan, mjukuu wangu wa kwanza. Kamene aliniambia kwa simu, "Baba, mpaka utoe hiyo kesi, Soipan haoni mlango wako." Akakata. Tangu hapo mtoto namwona siku za kesi kutajwa peke yake, wakati mamake anakuja Kajiado na kina Katoo. Tunakaa kwenye benchi pale nje, karani akitafuta faili, na mimi napewa Soipan nimshike. Mungu ambariki huyo karani, asilipate haraka. Mara ya mwisho mtoto alikuwa na jino moja. Mara iliyotangulia hakuwa na hata moja. Katoo akishalipwa, hataona haja ya kuja tena, na jino la pili nitalisikia tu kwa watu.

Kwa hivyo naomba stei, na kesi ya pili itajwe kila Ijumaa, bila kuharakishwa kusikizwa. Pia, kwa hesabu ya sababu ya kwanza, theluthi moja ya Soipan ni yangu. Naachia mahakama iamue ni theluthi ipi, ila ningependelea ile yenye jino.

Msalimie karani, askari wa mlangoni, na yule mama wa chai aliye nyuma ya mahakama, ambaye alisema kesi yangu ina nguvu.

Wako niliyeketi lakini sijatulia,
Mwololo Muema

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, amefika Kisemei, yule mfugaji jirani aliyehamisha mifugo kuvuka Namanga wakati wa ukame. Mvua imemrudisha. "Sopa, mzee," akanisalimu kwa Kimaasai, "huyu wako alifuata majike wetu, akakataa kurudi. Tumemchunga. Anakula sana." Ni Chifu, pamoja na pengo lake. Kumbe sikio kama hilo wako nalo wengi. Nilimfungia stoo ili nifikirie, lakini Mbithe alikuwa ameshampigia Kamene simu, anacheka mpaka hawezi kutamka jina la mbuzi.

Basi naondoa ombi hili, na kesi ya pili naitoa. Kamene ameolewa tatu kwa tatu. Hillary aje achukue sofa zake, ila angoje Jumatatu, maana Jumamosi wanakuja wote, Katoo, Ezra, Kamene na Soipan, na ile ya kona nimeahidi mtoto. Hiyo ndiyo stei pekee ninayoomba, ya wikendi moja.

Chifu hapewi stei. Yeye hukumu yake inatekelezwa Jumamosi asubuhi, na wewe Mheshimiwa umekaribishwa. Sikio nimeliangalia mara mbili, kisu kikiwa bado jikoni.