Moshi Umegoma Kutoka

Jumatatu, 7 Julai
Ukungu haujaondoka tangu jana. Mlola yote imejikunyata. Nasra wangu amepiga simu kutoka Mnazi: anakuja Alhamisi na mtoto, akae kwangu mpaka arobaini. Nimefurahi mpaka nikamwaga chai. Kisha akasema mama mkwe wake, Bi Salama, anamleta mwenyewe. Na Bi Salama ametamka mbele ya ukoo kwamba akikuta nyumba ya baridi hashushi hata begi, anageuka na mjukuu palepale. Mnazi kuna joto, watu wanalala madirisha wazi. Huyo mama akiona sweta anaona ugonjwa.

Sina wasiwasi. Nina jiko la sebuleni, la matofali, na bomba lake la kupeleka moshi juu ya paa. Nimeliwasha jioni kulijaribu. Moshi wote umekuja sebuleni.

Nina wasiwasi.

Jumanne, 8 Julai
Ningemwita Silvano, fundi aliyelijenga. Lakini Silvano amepanga chumba kwa jirani yangu Mwanaidi, na Mwanaidi ana dada Mnazi. Anachokijua asubuhi, mchana Bi Salama anacho. Basi nitautafuta ugonjwa mwenyewe. Shule niliishia darasa la nne, lakini moto nawasha tangu utoto.

Mume wangu Mbaraka kasema ni kuni, hizi za mti wa muwati bado mbichi. Nimeleta kuni kavu za jikoni. Moshi uleule. Nikasema majivu yamejaa, nikayazoa yote nikayamwaga kwenye kabichi. Moshi uleule. Nikasema basi jiko linakosa hewa. Nimefungua mlango na madirisha, moshi ukapungua kweli, baridi ikaingia ikakaa kwenye kochi.

Jumatano, 9 Julai
Nimetoka nje kutazama paa. Jiko linawaka, bombani hakutoki hata uzi wa moshi. Kumbe bomba limeziba. Nimemwambia Mbaraka apande. Kasema magoti. Nikasema basi napanda mimi. Kasema bomba tusiliguse, bomba halina kosa lolote, ni kuni. Mume mwenye huruma, anaogopa nitaanguka.

Alipokwenda sokoni nikapanda. Nimefunga jiwe kwenye kamba, nikalizungushia matawi, nikalishusha bombani likwangue masizi. Likashuka kidogo, likanasa. Nikavuta. Kamba ikakatika. Sasa bomba limeziba na jiwe langu limo.

Mwanaidi akapita chini. Kanisalimia kwa adabu zote, akauliza, shoga, leo unaanika nini huko juu? Nikasema natafuta mtandao wa simu. Akasema simu yenyewe umeiacha kwenye ngazi, na inalia.

Alikuwa Nasra. Bi Salama anauliza kama nyumba ina joto. Nikasema tunajipepea.

Alhamisi, 10 Julai
Nimepata mpango. Jiko la mkaa ndani sikutaka, kuna mtoto. Nimechemsha maji kule jikoni, nikajaza madumu, nikayaficha chini ya vitambaa vya makochi.

Wamefika. Mtoto, Jafari, ana pua ya Mbaraka, nimelia kidogo. Bi Salama nimempa shikamoo ingawa tunalingana. Ameipokea. Shali hakuvua, begi kalipakata. Akakaa, akasema mkwe mwenzangu, kochi lako lina joto lakini kuta zako hazina. Nikamwambia nyumba za milimani ndivyo zilivyo, joto linaanzia chini. Akajisogeza. Kizibo kikatoka.

Kainuka gauni limelowa nyuma yote. Kalitazama dumu, kanitazama mimi, kamwambia Nasra amfunike mtoto waondoke. Nasra akasema mama, gari la Mnazi mpaka kesho. Nimewaombea dua wenye magari. Wamelala na mablanketi yote ya nyumba hii. Mimi nimejifunika pazia.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeshindwa. Nimemwita Silvano. Bi Salama kaketi mlangoni na begi lake, anasubiri gari.

Silvano kapanda na ndoano. Kalitoa jiwe langu. Akaendelea kuvuta. Likatoka gunia zima la mahindi ya mbegu, limening'inizwa kwa waya, jeusi kama sufuria. Sote tukamtazama Mbaraka. Mbaraka akatazama kabichi.

Zamani mbegu tuliiweka darini, juu ya moto, moshi ukafukuza wadudu. Tangu tujenge bomba moshi unapita nje, na mwaka jana wadudu walikula mbegu yote. Mbaraka akaona kama moshi hauji tena kwa mahindi, mahindi yaufuate. Silvano akamwambia mzee, hili ni bomba, si ghala. Mwanaidi alikuwa keshafika uani, kaja kuomba chumvi na hana hata kijiko.

Kabla ya kuondoka Silvano katuonyesha kibati kidogo cha kufungia bomba, kipo juu tu ya jiko. Moto ukiwaka kisifungwe, hata nusu, moshi utarudi ndani. Nimeitikia.

Nikawasha. Moshi ukapanda juu. Kuta zikaanza kupata joto, Jafari akanyoosha miguu. Gari likapiga honi barabarani. Likapiga tena. Bi Salama akavua shali, akaweka begi chini.

Nilikwenda chumbani kufuta macho.

Jumapili, 13 Julai
Nyumba ina joto mpaka Bi Salama kasema hata kwao hajapata kulala hivi. Kwa hiyo na yeye anakaa mpaka arobaini. Kahamisha sukari yangu. Mtoto anamwogesha yeye, anambembeleza yeye, mimi nakabidhiwa nepi. Leo kaniambia mkwe, kumbeba mtoto hujui. Mimi. Nasra alibebwa na nani, na mbuzi?

Nimelitazama lile bomba. Kibati kinasogea kwa kidole tu. Kesho Nasra anampeleka Jafari kliniki, na Bi Salama atabaki sebuleni peke yake. Nitakifunga nusu. Najua Silvano hakatazi bure, lakini yeye haishi na Bi Salama.