Sauti ya Mkurugenzi Haipunguzwi

Ifahamike kwa wote, kuanzia Nkoroi hadi Magadi: sauti ya Mkurugenzi haipunguzwi. Uamuzi huu ulipitishwa Kitengela, katika Ofisi ya Uratibu wa Mawasiliano ya Wananchi, na hakuna aliyeupinga, maana wa kupinga hawakualikwa.

Chanzo kilikuwa video. Mkurugenzi Njogu alienda upande wa Magadi kuhutubia wafugaji, akawaambia kwa Kiswahili cha ofisini kwamba ofisi yake "itaangalia uwezekano wa kufanya upembuzi yakinifu kuhusu suala la maji." Mzee Parsaoti, mkalimani, akayageuza kwa Kimaasai: kisima kitachimbwa kabla ya mwezi wa nane. Akaongeza na mengine ya kuleta utamu. Usimwite mwongo, tafadhali. Mkalimani wa baraza huko haachi mgeni aaibike mbele za watu. Mgeni akija mikono mitupu, hupewa maneno ya kushika. Watu walipiga makofi mpaka Mkurugenzi akaamini upembuzi yakinifu umewagusa moyo.

Aliyeshika kamera ni Naisula, fundi wa video wa ofisi, na huko ndiko kwao. Mama yake, Zipporah, hutoka na punda alfajiri kutafuta maji, na kurudi jua likiwa la utosi. Naisula alisikia kila neno la Parsaoti, na alijua ahadi ile haikuandikwa popote. Ilikuwa ndani ya kamera tu.

Sasa Mkurugenzi akataka video iende Nairobi, kwenye mashindano ya Kiongozi Msikivu. Ilibidi igeuzwe iwe faili jepesi. Naisula akaigeuza. Picha ikatoka safi, sauti hakuna. Kompyuta ikaandika kwamba imeshindwa kubana sauti iwe nyepesi nayo.

"Ni kitu kidogo," alimwambia Munguti, mwenyekiti wa Kamati ya Dharura ya Ukimya, iliyoundwa asubuhi hiyo hiyo. "Kila mtu alikuwa na maikrofoni yake. Sauti ya mzee iko sawa. Ya Mkurugenzi ilirekodiwa na ile mashine kubwa ya kukodisha, na programu yetu haijui aina yake. Naitoa kando, naibana, nairudisha. Dakika kumi."

"Ukiibana inakuwa aje?"

"Inapunguzwa. Inabaki kama sehemu moja kwa kumi."

Munguti akaweka kalamu chini. "Naisula, unataka niandikie mkubwa barua, nimwambie sauti yake imebaki moja kwa kumi?"

"Hakuna mtu atasikia tofauti."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Kamati ilikaa siku tatu, kwa chai na mandazi. Nduta wa masuala ya wafanyakazi alisoma muundo wa vyeo, akathibitisha kwamba afisa wa ngazi ile hawezi kupunguzwa bila kusikilizwa kwanza. Mjumbe mwingine alipendekeza Mkurugenzi aombwe kurudia hotuba akiongea kidogo kidogo tangu mwanzo, akaonywa. Mwishowe ikaamuliwa: sauti ya Mkurugenzi ihifadhiwe kwa ukubwa wake wote ndani ya kabati la chuma. Ya mkalimani, kwa kuwa ni kibarua wa siku moja, ibanwe inavyotakikana na iwekwe kwenye video.

"Si atasikika mzee peke yake?" Naisula akauliza.

"Andika ni hatua ya mpito," Munguti akasema.

Naisula alibisha mara moja zaidi, polepole, hoja yake ikaingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano kama kikohozi. Hakubisha tena.

Mkurugenzi akaitazama video: midomo yake, na sauti nzito ya Parsaoti ikitiririka Kimaasai.

"Nimetoka vizuri," akasema. "Huyu mzee anasema nilichosema?"

Naisula aliogopa kweli kweli. Akijibu hapana, kisima kimeishia hapo. "Anasema vile watu walisikia, mkubwa."

"Na walipiga makofi." Akatia sahihi cheti: sauti iliyomo ndiyo kauli rasmi, kamili na ya mwisho ya Mkurugenzi. Muhuri ukagongwa mara mbili.

Alishinda. Kwenye jopo la Nairobi kulikuwa na Lemein, mtu wa Kajiado, aliyewatafsiria wenzake, nao wakasifu sana: wengine huangalia uwezekano, huyu ametaja mpaka mwezi. Video na cheti vikaenda simu hadi simu.

Mwezi wa nane ukafika bila kisima. Wazee nao wakafika Kitengela na nakala ya cheti. Mkurugenzi akaiagiza kamati itoe sauti yake halisi, isikike kwamba hakuahidi kitu.

Munguti alijibu kwa barua. Sauti ipo kabatini, salama. Hakuna kompyuta ya ofisi inayoweza kuicheza bila kuibana, na sauti ya Mkurugenzi haipunguzwi. Kiambatisho: sahihi yako.

Mkataba wa mtambo wa kuchimba ulitiwa sahihi jioni hiyo. Mtambo wenyewe utafika baada ya wiki sita. Kwa sasa yanatekelezwa yale mengine ya Parsaoti ya kuleta utamu: "kikichelewa, nitawaletea maji kwa gari langu, mimi mwenyewe." Kila asubuhi Mkurugenzi hushusha mitungi, tai ikiwa begani, na punda wa Zipporah humtazama akiwa amepumzika.

"Asante, mkubwa," Zipporah alimwambia juzi, akipokea mtungi wa mwisho. "Na siku ukiwa na lingine la kusema, sema tu. Parsaoti atatuambia."