Mwaka 1975 Utolewe Kwenye Rafu ya Kihistoria

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Mji, Lindahl, Minnesota.

Ndugu Mkutubi,

Natumaini u mzima na paa la maktaba halivuji tena. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika.

Jumanne niliazima hapo kwenu riwaya ya msichana aliyekwama shuleni kwa tufani ya theluji, mwaka 1975. Nikawa namsimulia Bwana Harlan Kvamme, mgane wa heshima ambaye nina matumaini naye, jinsi nami nilivyokwama mwaka huohuo nikiwa darasa la tatu. Ndipo akaona kibandiko chenu mgongoni mwa kitabu: RIWAYA YA KIHISTORIA. Akanishika kiwiko. "Taratibu, mama, usije ukateleza." Tulikuwa tumesimama juu ya zulia.

Tangu hapo ananisemesha kwa sauti ya juu, na kwenye chakula cha kanisa alinikatia nyama. Naomba basi mipaka ya riwaya hizi iwekwe wazi:

1. Riwaya isiitwe ya kihistoria ikiwa nguo za wahusika bado ziko kabatini mwangu, na moja inanitosha.

2. Historia ianze pale ambapo wote wanaoweza kumwambia mwandishi "mwongo wewe" wamekwisha kufa. Mimi nipo. Yeye anadai mwalimu aliwatuliza watoto kwa nyimbo. Wetu alilia kuliko sisi.

3. Mama yangu, Bi Bernadine, mwenye miaka tisini na saba, naye ana lake. Anataka Vita Kuu ya Pili ihamishiwe kwenye vitabu vipya, maana bado hajamaliza ugomvi na dada yake kuhusu mgao wa sukari.

4. Kabla ya kubandika chochote, mpite nyumba kwa nyumba mkiuliza nani anakumbuka. Kwa vita vya kukomesha utumwa, vya mwaka 1861, mnaweza kupiga simu tu.

Hili si jambo dogo kwangu. Mwanamume anayejua kucheza dansi hapatikani kila siku, nami sitaki aniangalie kama jengo la zamani.

Wasalimie wote hapo, hata yule bwana anayekoroma penye magazeti.

Ni mimi msomaji wako mtiifu,
Arlys Tollefsrud

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Harlan amepita na bakuli la viazi na nyama ya kuoka. Kumbe kila Jumamosi anajitolea kwenye makumbusho ya wilaya, na ameniambia waziwazi kwamba maishani mwake hajapenda kitu kuliko historia. Tafadhali kile kibandiko msikiguse. Na kama kipo kingine, nitunzie, nikabandike kwenye koti langu.