Nadhiri za Nsimire na Pua Yangu

Ndugu zangu, leo nimeaibika kanisani, mbele ya Mungu na mbele ya ukoo mzima.

Mjukuu wangu Nsimire ameweka nadhiri zake za daima za usista asubuhi hii, hapa Bukavu. Dada yangu mkubwa, Yaya Faida, ndiye aliyemlea tangu utotoni. Siku hizi miguu yake imekataa, hatoki nyumbani Nyangezi. Alikuwa na ombi moja tu: auone uso wa mtoto wake akitamka nadhiri. Tukapatana nimwonyeshe moja kwa moja kwa simu ya video, na familia ya Kinshasa iungane nasi.

Sikuja kubahatisha. Nimesoma kamera parokiani, mimi katekista mzee katikati ya vijana. (Nilikaa kiti cha mbele.) Abbé, padri aliyetufundisha, alisisitiza: viwiko vibanwe mbavuni, simu ikae kifuani, usitikise.

Nikaanza na plan général, kanisa lote kwa mbali, maua na kwaya. Kisha panoramique: nikageuka kiunoni polepole, kutoka altare mpaka mlangoni. (Sikupumua.) Masista walipoingia, nilitembea kinyumenyume mbele yao bila kumkanyaga mtu. Hiyo inaitwa travelling. Sauti ya upande wa familia nilikuwa nimeizima, maana kanisani simu haisemi.

Ikafika Litania ya Watakatifu. Nsimire akalala kifudifudi kama ibada inavyotaka, sote tukapiga magoti. Hapo mpiga picha alinitoka, akabaki katekista. Nikafumba macho, nikakutanisha mikono, simu ikiwa katikati ya viganja. Kidole gumba kiligusa kitu. Mimi nilikuwa naita watakatifu.

Tuliposimama, nikakumbuka kazi: gros plan, uso wa karibu. Nikasogea polepole, simu kifuani, macho yangu kwa mtoto. Nsimire alitamka nadhiri zake bila kutetemeka. Machozi yalinitiririka mpaka shingoni, lakini viwiko havikucheza. Nilijiambia: Abbé angeniona sasa!

Baada ya misa nikatoka nje, nikafungua sauti, nikingoja shukrani. Kinshasa walikuwa wanacheka hadi wanakohoa.

Yaya Faida hakucheka. "Weye, nani alikuambia tunataka kuona pua yako?"

"Pua gani, Yaya?"

"Yako. Tangu litania mupaka mutoto anamaliza. Tulikuita, tukakuita, hausikie."

Nikatazama kioo cha simu. Kamera ilikuwa imegeukia upande wa kujipiga mwenyewe. Pale palikuwa na pua, imepigwa kutoka chini, tundu zote mbili, safi kabisa, bila kutikisika. (Kazi ya fundi, ukweli usemwe.)

"Sauti yake nilisikia," Yaya akasema taratibu. "Lakini sura yake sikuiona."

Hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli. Ombi lilikuwa moja tu.

Nsimire akatoka na pete yake mpya, akanikuta nimeinamisha kichwa. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka shela ikakaa upande, kisha akaichukua simu mkononi mwangu. Akaishika mbele ya uso wake na kumtamkia Yaya upya nadhiri zake, neno kwa neno, pale uani, watu wakisogea mmoja mmoja kusikiliza.

Picha ilikuwa mbaya! Paji la uso limekatwa, jua liko nyuma, mkono unacheza kama wa mlevi.

Yaya Faida alikuwa analia na kupiga vigelegele kwa pamoja. "Sasa hii njo picha," akasema. "Huyu mutoto anajua kazi kupita weye."

Nilitaka kumweleza kuhusu mwanga. Nikanyamaza, na ninamshukuru Mungu kwa neema hiyo.

Ndugu zangu, kicheko chenu nakijua. Ngojeni kwanza babu wa Sista Nsimire amalize kuringa.