Matembezi ya Kimya

Jumatatu, tarehe 17 Agosti

Bado wanacheka kule mkahawani, nawasikia. Wacheke tu. Mimi kuangukia kwenye chemchemi si kosa langu. Ni kosa la chemchemi kukaa katikati ya uwanja.

Jana baada ya misa Mama Meya alitangaza: kibanda cha mbao pale darajani, cha kupokelea watalii wanaotaka kutembezwa, kitapewa mtu mmoja. Atakayewafurahisha wageni wiki hii ndiye mwenye kibanda. Ama mimi Firmin, ama Gaëtan wa mitumbwi. Nikikosa, narudi kukamua ng'ombe wa mjomba Norbert mpaka nizeeke. Na wale ng'ombe hawanipendi.

Leo nimeanza. Wabelgiji, kofia kubwa kubwa. Nikasimama mbele ya ngome, pale uwanjani. Habari zake zote nazijua, nimezisikia tangu nanyonya. Nikafungua mdomo. Likatoka neno moja: mawe. Wakasubiri. Nikaongeza: ya zamani. Halafu nikarudi nyuma kidogo, kwa heshima tu, waione vizuri. Chubwi!

Gaëtan akapaza sauti kutoka mezani kwake, "Jamani, Firmin kaongeza na kuogelea!" Watu kahawa ikawatokea puani.

Simjali. Mtu asiyesema sana huona sana. Hilo yeye hana.

Jumanne, tarehe 18

Nimepata!

Asubuhi nzima nilijificha nyuma ya mti pale mtoni, namchungulia Gaëtan akiwapakia wageni mitumbwini. Anaongea, anaongea, hapumui. Eti chini ya daraja anaishi samaki aliyemeza kofia ya askofu. Uongo mtupu! Wageni wameinamisha vichwa kama kuku kwenye mvua. Mama mmoja kajiziba masikio kwa leso.

Hapo nikaelewa. Hawa watu wamekimbia kelele za mjini. Wanataka mtu anayenyamaza. Na kunyamaza ndicho kipaji changu!

Basi, nimeanzisha Matembezi ya Kimya. Kutoka kwenye chemchemi mpaka juu ya kilima na kurudi, hakuna kusema hata neno. Tangazo nimelibandika mlangoni kwa mwoka mikate. Shangazi Ginette, ambaye nakaa kwake, alilisoma akiwa na mkate kwapani. Akaniambia, "We mtoto, mimi na marehemu mume wangu tulitembea kimya miaka yote ya ndoa, na hakuna aliyekuja kututazama."

Shangazi hajui biashara.

Jumatano, tarehe 19

Ushindi!

Wamekuja wengi, hata wale Wabelgiji. Nikatangulia, mdomo nimeufunga. Nikanyoosha kidole: mwewe. Wote wakaachama. Nikanyoosha kidole: maporomoko. Wote wakashika vifua. Nikanyoosha kidole nijikune pua, wakageukia mti uliokuwa upande ule, mama mmoja akatokwa na machozi.

Tuliporudi, daktari mmoja wa meno kutoka Lille alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema kazini kwake watu wanafungua midomo kutwa, na leo ndiyo mara ya kwanza kaona midomo iliyofungwa ikiwa na furaha.

Mitumbwi ya Gaëtan ilishinda kifudifudi ukingoni mwa mto. Jioni akaniuliza mbele za watu, "Firmin, yale mazishi ya leo yalikuwa ya nani?" Wivu. Kibanda nakiona kabisa. Nitakipaka rangi ya bluu.

Alhamisi, tarehe 20

Gaëtan kaenda kunichongea kwa Mama Meya! Kasema napeleka wageni msituni wakati huu huu uyoga unaota.

Kwa kweli ni pigo la mtu mwenye akili. Mvua ilipiga juzijuzi, sasa uyoga umetoka, ule mnono wa kahawia. Na hapa Verzolles mtu atakuonyesha barua za mpenzi wake, lakini mahali anapookota uyoga hakuonyeshi. Baba humficha mwanawe. Mzee Achille alipokuwa anakata roho, wanawe watatu walimwinamia mdomoni awaambie ni wapi. Akasema, "Upande wa kaskazini..." akafa. Wanasema alikuwa anatabasamu.

Mama Meya akaniita. Akasema, "Firmin mwanangu, ukipitisha wageni kwenye uyoga wa mtu, kibanda kisahau. Na mkahawani usikanyage."

Nikamwambia asiwe na hofu, kwa sababu mahali pa kila mtu napajua. Padre ni nyuma ya makaburi. Solange wa posta ni chini ya mialoni. Gaëtan mwenyewe ni karibu na kinu kibovu. Nimewaona wote wakitoka na kapu chini ya koti huku wanajifanya kuita mbwa. Kwa hiyo nitapita njia ambayo sijawahi kumwona mtu hata siku moja. Ipo moja tu, safi kabisa.

Akaniuliza ni ipi. Nikamjibu hiyo ni siri ya kazi. Nilijisikia mwanamume.

Ijumaa, tarehe 21

Sijui nianzie wapi.

Njia yangu ni ile ya nyuma ya mabirika ya zamani ya mawe ya kufulia nguo, inapanda kwenye magugu marefu. Wageni walinyamaza vizuri mno. Hakuna kijiti kilichovunjika. Hilo ndilo lililoharibu: hakuna aliyetusikia tukija.

Mbele yetu, kwenye magugu, Mama Meya. Amepiga magoti, kitambaa kichwani, makalio yametuelekea. Kapu limejaa pomoni. Anauimbia uyoga polepole, anauita watoto wake.

Nikanyoosha mkono kuwazuia wageni. Wakadhani nawaonyesha. Wote wakatazama! Daktari wa meno akasahau sheria, akapiga makofi, "Safi sana!" Wabelgiji wakapiga picha, mmoja akapanda juu ya gogo apate na kapu.

Mama Meya akageuka. Akasema, "Firmin." Basi. Halafu akawaambia wageni kwamba yeye anakagua mipaka ya kijiji. Akiwa bado kapiga magoti.

Sasa ndiyo naelewa kwa nini sijawahi kumwona mtu kule. Wale wengine wote niliwaona kwa sababu hawajui kujificha. Yeye anajua. Ndiyo maana ni meya.

Lakini hajasema nimekosa kibanda. Kwa hiyo sijakosa.

Jumamosi, tarehe 22

Jana usiku Wabelgiji walionyesha picha yao mkahawani. Kulipopambazuka, kijiji kizima kilikuwa kwenye yale magugu. Padre. Solange. Mwoka mikate kafunga duka, watu wamekula jibini bila mkate. Gaëtan kaja na kapu la samaki. Shangazi Ginette, aliyeniambia anakwenda kuhani msiba, kapita na beseni!

Mama Meya alisimama mlangoni pa ofisi yake, mikono kifuani, akawatazama wakirudi mmoja mmoja. Kila mmoja anamsalimia kwa adabu na koti limefutuka tumboni. Wanaume kwa wanawake, wote waja wazito.

Mchana akakusanya watu akatoa kibanda. Kampa Gaëtan! Nikajikaza, nikauliza kwa nini, wakati wageni walinipenda mimi. Nilisema sentensi nzima, watu walishangaa. Akanijibu, "Huyu anapiga kelele. Akija na watu wake, namsikia tangu darajani, napata nafasi ya kusimama."

Watu wote wakaitikia kwa vichwa wakasema ni kweli. Hata shangazi.

Gaëtan kashaning'iniza pazia. La maua.

Mjomba Norbert kaleta ujumbe kwamba ng'ombe wananisubiri kesho kutwa.

Jumapili, tarehe 23

Nimefikiri misa nzima. Watu wanasema nimeshindwa. Hawajui kuona.

Wageni wanazungumzia nini? Hawazungumzii ngome. Mto hawautaji. Wanamzungumzia Mama Meya kwenye magugu! Daktari wa meno ameniambia amekwenda likizo milimani, baharini, amewahi hata kumwona dubu, lakini dubu hakuimba. Anataka kuona tena. Na wenzake wanataka.

Kumbe kosa langu lilikuwa dogo: niliwapeleka kuona msitu. Wanaotakiwa kuonwa ni watu! Padre akiwa kwenye makaburi yake, Solange akiwa kwenye mialoni yake, wameinama, hawajui kama wanatazamwa. Mahali pao pote napajua. Kibanda cha nini? Gaëtan akae na pazia lake. Ng'ombe watakamuliwa na mwenyewe.

Naishia hapa, lazima nitoke sasa hivi. Nyumba ya Mama Meya iko mkabala na dirisha langu, na ametoka kwa mlango wa nyuma akiwa na kapu, anakwenda upande mwingine, si ule wa mabirika. Bila shaka anatafuta mahali papya. Wageni wangu wapo nyuma ya ukuta, nimeshawaambia wavue viatu. Nikichelewa kidogo tu atatupotea.